Msituelimishe, Ijaribuni Kwanza

Kila mfumo mpya unapowashinda wananchi, husimama kiongozi mbele ya vipaza sauti akasema maneno yale yale: "Elimu itaendelea kutolewa." Mashine imekataa alama za vidole za mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini? Elimu itatolewa. Fomu ya mtandaoni imemtupa nje mwombaji saa ya mwisho? Elimu itatolewa. Mtu amelipia namba ya kumbukumbu isiyo yake? Elimu. Nimechoka na sentensi hiyo. Kila inapotamkwa, hukumu inakuwa imeshapitishwa kimyakimya: kosa ni la mwananchi, ujinga ni wa mwananchi, na aliyebuni, aliyenunua na aliyezindua hawana la kujibu.

Ninachodai ni hiki. Kitu chochote kinachopelekwa kwa umma, kwa kodi zetu au kwa ada tunazotozwa, kijaribiwe kwanza na watu watakaokitumia. Majaribio hayo yahesabiwe, na hesabu zake zitangazwe kabla ya uzinduzi. Kisichopimwa kisizinduliwe.

Nianze na jambo lililoingia karibu kila nyumba yenye mita ya umeme ya malipo ya kabla. Mita hizo katika nchi nyingi duniani hufuata mfumo mmoja wa kimataifa unaoitwa STS. Kila tokeni, yaani namba unayoingiza kwenye mita, ilibeba ndani yake muda uliohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kuhifadhi hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu, kama miaka 32 hivi. Ukomo wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishwa ufunguo kabla ya siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Ndiyo maana mteja wa LUKU Tanzania, na mwenzake wa Kenya, alinunua umeme akapokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadili mita, la tatu la umeme wenyewe, na yote yaingizwe kwa mpangilio wake. Tarakimu 60.

Sibishani na ulazima wa kazi hiyo. Nabishana na namna mzigo wake ulivyobwagwa kwenye vidole vya mteja. Hebu tupige hesabu. Chukua mtu makini kabisa, anayekosea kitufe mara moja tu katika kila mia. Nafasi yake ya kuingiza tarakimu 20 bila kosa ni kama 82 katika mia. Mpe tarakimu 60, nafasi hiyo inashuka hadi 55. Yaani karibu nusu ya watu makini watakosea angalau mara moja, hata kama kila mmoja wao ameelimishwa mpaka akakariri. Na mita haisemi umekosea wapi. Inakungoja umalize zote ishirini ndipo ikukatalie. Sasa mtoe mtu huyo kwenye karatasi ya hesabu umweke kwenye maisha yake. Ni usiku, uniti zimeisha, simu yenye ujumbe ndiyo hiyo hiyo tochi. Anasoma tarakimu nne, anainua kichwa, anabonyeza, anarudi kwenye ujumbe kutafuta alipoishia, na kioo cha simu kimezima.

Siku ya ukomo haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa ndani ya mfumo tangu ulipobuniwa. Basi swali ambalo kila shirika la umeme linapaswa kuwa na jibu lake mezani ni hili: kati ya wateja mia, wangapi walifaulu kwa jaribio la kwanza? Walitumia dakika ngapi? Walikwama kwenye kundi la ngapi? Tunaijua bei ya uniti hadi senti. Tuna haki ya kuzijua na hizi.

Wanaoamini kwamba kosa la mtumiaji hutibiwa kwa elimu wajifunze kwa marubani wa Vita Kuu ya Pili. Ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikitua salama, kisha rubani anakunja magurudumu akiwa bado yuko chini, na ndege inalalia tumbo. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliingia akatazama chumba chenyewe cha rubani. Akaona kwamba kishikio cha magurudumu na kile cha mapezi ya bawa vilikaa jirani na vilifanana. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha mpira chenye umbo la gurudumu kwenye kishikio cha magurudumu, na chenye umbo la kabari kwenye kile cha mapezi, ili mkono utambue hata gizani. Hadi leo sheria za usafiri wa anga zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu. Marubani wale hawakukosa elimu. Walikuwa miongoni mwa vijana waliofunzwa kwa gharama kubwa kuliko wote. Walichokosa ni mtu wa kupima kifaa badala ya kuwapima wao.

Na kupima hakuna uchawi. Kiwango cha kimataifa, ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kuhuishwa 2018, kinataja mambo matatu: je, mtu anafanikisha alichokusudia, anatumia nguvu na muda kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Kisha kinaongeza sharti ambalo waheshimiwa wetu hulipita kama hawakuliona: yote matatu yapimwe kwa watumiaji wanaojulikana ni nani, kwa kazi inayojulikana, katika mazingira yanayojulikana. Hakuna kitu kilicho rahisi hewani. Mfumo ulio rahisi kwa kijana wa ofisini mwenye simu mpya na intaneti ya kasi unaweza kuwa ukuta kwa mvuvi anayesoma kioo kilichopasuka juani. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mifumo yetu mingi huthibitishwa na watu ambao hawatailalia hata usiku mmoja.

Jaribio lenyewe linaendeshwa hivi. Unamkalisha mtumiaji mbele ya bidhaa. Unampa kazi, humpi maelekezo: "Umeme umeisha, ujumbe ndio huu, rudisha taa." Kisha unafunga mdomo. Humsaidii, humnong'onezi, humwelekezi kidole. Unashika saa, unaandika kila anapokosea, kila anaporudi nyuma, kila anapoacha na kuuliza. Akimaliza, umeandika ndiyo au hapana, dakika, na idadi ya makosa. Hapo ndipo unaweza kumwomba maoni, na hata maoni yana kipimo chake: tangu mwaka 1986 kuna hojaji fupi ya John Brooke, sentensi kumi tu, inayotoa alama kati ya sifuri na mia. Lakini maoni yaje mwisho, baada ya vitendo kusema.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu kwetu ndipo penye hatari kubwa. Sisi ni watu wa staha. Mgeni akija na gari na fulana zenye nembo, akamwonyesha mama mashine aliyoitengeneza, kisha akamuuliza, "Mama, umeipendaje?", atajibiwa kuwa ni nzuri sana, mwanangu, Mungu awabariki. Mama huyo hadanganyi, anamstahi mgeni. Tabia hii imepimwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya Bangalore, India: waliwaonyesha watu vitu viwili vinavyofanana, wakawaambia kimoja kimetengenezwa na anayewahoji. Wahojiwa waliegemea kile cha mhoji kiasi cha mara mbili na nusu zaidi. Mhoji alipokuwa mgeni wa kigeni mwenye mkalimani, ikawa mara tano. Mara tano, kwa vitu visivyo na tofauti!

Basi rejeeni ripoti zote za wadau zinazosema wananchi wameipokea teknolojia kwa furaha. Ngapi zimehesabu vitendo, na ngapi zimekusanya staha? Anayekusanya staha na kuiita utafiti anawaibia wale waliomkarimu, kwa sababu atarudi kwao na mashine ile ile isiyotumika akidai waliipitisha wenyewe.

Kuna pia wanaojitetea kwa namba: "Tulijaribu kwa watu watano." Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichambua, mtumiaji mmoja hufichua kama asilimia 31 ya kasoro, na watano kwa pamoja hufichua kama asilimia 85. Ni kweli na ni habari njema: huhitaji mamilioni kuanza kuona aibu zako. Watano waliochaguliwa vizuri wanatosha kukuonyesha pa kurekebisha leo, ili kesho ujaribu tena na watano wengine.

Ila kutafuta kasoro ni kazi moja, na kuthibitisha kwamba bidhaa inafaa ni kazi nyingine. Bidhaa inayomshinda mtu mmoja kati ya kila watatu au wanne bado inaweza kuwapitisha watano wote kwa bahati. Ikiwa inawashinda 30 katika mia, bahati hiyo hutokea kama mara moja katika kila majaribio sita. Na kasoro inayomnasa mmoja katika mia? Watu watano hawataiona katika majaribio 95 kati ya 100. Peleka kasoro hiyo kwenye mfumo wa watu milioni kumi, umewaumiza laki moja. Kwa hiyo anayetaka kusimama mbele ya taifa na kusema mfumo wake unatumika, alete watu wengi zaidi: makumi kadhaa kwa kila kundi. Wazee wawe kundi lao, wasioona vizuri lao, wanaotumia simu za kitochi lao, wasiosoma lao. Wastani unaowachanganya wote huficha wanaoumia.

Watu wetu wanapopewa nafasi ya kuwa mizani, matokeo yake tunayaishi. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio dogo Kenya kwa wateja wasiozidi mia tano hivi, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Huduma ilibuniwa kwa ajili ya kulipa marejesho ya mikopo. Waliokuwa wakiiendesha, akina Nick Hughes na Susie Lonie, wakatazama watu wanafanya nini hasa. Wakaona fedha zinakwenda kusikokusudiwa: mtu anamtumia ndugu, mfanyabiashara anamlipa mwenzake, msafiri anaweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa anakofika. Na sehemu ya mikopo, iliyokuwa ndiyo sababu ya mradi, ikawa ndiyo yenye usumbufu zaidi. Wangekuwa wakubwa wa kwetu wa leo, wangeagiza semina ya kuwaelimisha wateja matumizi sahihi. Wao wakaibadilisha huduma. Ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ahadi yake ilikuwa moja, tuma pesa nyumbani, na menyu ilifuata ahadi hiyo.

Nani leo anathubutu kusema Waafrika Mashariki hawajazoea teknolojia? Muuza mchicha, bodaboda na bibi aliyeko kijijini wanahamisha fedha kwa vitufe kila siku. Watu ni wale wale. Wakiishinda huduma moja na kushindwa na nyingine, tofauti iko kwenye huduma.

Nitapingwa kwamba elimu nayo ina kazi yake. Inayo, na nitawapa ushahidi wenye namba. Zambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya wa jamii walipewa vipimo vya haraka vya malaria. Kundi la kwanza lilipewa maelekezo ya kiwandani peke yake, likafanya kwa usahihi zaidi kidogo ya nusu ya hatua. Kundi la pili likapewa karatasi ya picha na maelezo mafupi, iliyoandaliwa na kurekebishwa kwa kuwajaribu watu wa aina yao. Likafikia kama hatua nane kati ya kumi. Kundi la tatu likapewa karatasi hiyo pamoja na mafunzo ya nusu siku. Likavuka tisa kati ya kumi.

Someni ngazi hizo vizuri. Mafunzo yaliongeza, ndiyo. Lakini hatua ndefu kuliko zote ilitokana na karatasi iliyojaribiwa kwanza. Na karatasi husafiri hadi zahanati ya mwisho, haidai posho, haihami kituo, haisahau. Elimu ijengwe juu ya kitu kilichonyooshwa. Kumwaga elimu juu ya kitu kibovu ni kumfundisha mgonjwa kuvumilia dawa isiyo yake. Na katika kipimo cha malaria, hatua iliyokosewa ni mtoto anayerudishwa nyumbani na homa yake.

Kinyume chake tumekiona pia barani kwetu, kwa fedha nyingi na nia njema. PlayPump ilikuwa pampu ya maji iliyofungwa kwenye bembea ya mduara: watoto wacheze, maji yapande tangini. Mwaka 2006 ikatangazwa Marekani ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawekwa la pampu 4,000 kusini mwa Afrika ifikapo 2010. Katika vijiji vingi watoto walichoka, kama mtoto yeyote achokavyo na bembea moja, na wanawake wakaachwa waizungushe kwa mikono, wazee kwa wajawazito, baadhi yao mahali ambapo pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa imeng'olewa. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili kufikia lengo la kuhudumia watu 2,500 kwa pampu moja, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Hesabu hiyo ilihitaji kalamu. Kumtazama mama mmoja akichota ndoo moja kulihitaji asubuhi moja na saa ya mkononi. Mamilioni ya dola yaliahidiwa kabla ya asubuhi hiyo kupewa uzito wake.

Nasikia utetezi wa mwisho: hakuna muda, hakuna bajeti. Bajeti ya mabango ipo. Bajeti ya mahema, muziki, fulana na posho za uzinduzi ipo. Nauli ya watu thelathini kutoka Kariakoo, Kongwa na Kigoma, chakula chao cha mchana na fidia ya siku yao ya kazi haifikii hata gharama ya jukwaa. Na kuhusu muda: siku zisizotumika kabla ya uzinduzi hulipwa baadaye na wananchi, kwenye foleni, dakika kwa dakika, kwa kuzidishwa na mamilioni. Muda huo hauonekani kwenye vitabu vya shirika kwa sababu unatoka mfukoni mwa fundi aliyefunga kibanda, wa mama aliyeacha genge, wa mwanafunzi aliyepoteza nafasi. Ni kodi isiyopitishwa na bunge lolote.

Basi yafuatayo yafanyike. Katika zabuni za umma, Tanzania yenye Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na majirani wenye sheria zao, kila mkataba wa mfumo au kifaa kitakachoshikwa na wananchi uwe na kipengele cha kiwango cha kufaulu. Useme ni asilimia ngapi ya watumiaji, wa makundi gani, wataweza kukamilisha kazi gani, kwa dakika ngapi, bila msaada. Mkandarasi asiyefikia asilipwe awamu ya mwisho. Jaribio lisiendeshwe na aliyetengeneza, kwa sababu hakuna mwenye mali anayeisimanga sokoni. Lifanyike mahali bidhaa itakapotumika, kwa lugha ya mtumiaji, kwa simu aliyonayo. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yanayotupimia saruji na nyaya, yaingize urahisi wa kutumia katika viwango vya vifaa vya umma. Na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita, kwa kuwa mfumo hubadilika na watumiaji huongezeka.

Wabunge wanaoidhinisha fedha na waandishi wenzangu tunaoalikwa kwenye uzinduzi nao wana wajibu. Tuache kuuliza mfumo umegharimu kiasi gani na utaanza lini, tukaridhika. Tuulize: kati ya watu mia wa kawaida walioujaribu, wangapi walifaulu peke yao? Walitumia muda gani? Walioshindwa ni akina nani, na mmebadilisha nini kwa ajili yao? Asiye na majibu hayo hajamaliza kazi aliyopewa, na asilipwe.